Mboloko Wanne kwa Wiki

Nyama ya pori ikifika sokoni Nyangwe, huku Maniema nchini Kongo, haina tena sura. Imeshakatwa vipande, imekaushwa juu ya moto wa kambini siku kadhaa, imekuwa nyeusi na ngumu kama kuni. Samaki wa mto Lualaba walio pembeni yake unawajua kwa macho tu. Lakini paja lililobanikwa lingeweza kuwa la mboloko, la nguruwe mdogo wa msituni, hata la mnyama ambaye sheria imekataza kabisa asiguswe. Atakayesema ni nini ni muuzaji mwenyewe, na muuzaji ana sababu zake za kujibu anavyojibu. Ninaanzia hapa kwa sababu usimamizi wa wanyama wa msitu wa Leta, yaani serikali, unaanguka au kusimama kwenye meza hii, kabla hatujafika kwenye sheria na ramani.

Neno "usimamizi" lina maana mbili zinazopingana, kutegemea uko wapi. Kule Scotland na Ujerumani, mbwa-mwitu walimalizwa au kufukuzwa karne zilizopita, na kulungu wakabaki bila adui. Wanakula miche, msitu mpya hauoti. Kwa hiyo kazi ya bwana misitu wa huko ni kuhakikisha wamepigwa wa kutosha. Mwindaji akishindwa kufikisha idadi aliyopangiwa, ndiye mwenye kosa. Marekani mwindaji hununua kibali pamoja na kitambulisho cha kumfunga mnyama akishampiga: kitambulisho kimoja, mnyama mmoja. Mfumo huo ni mzuri, na kila mara unaposikika kwenye semina zetu mtu huuliza kwa nini tusiulete Maniema. Jibu ni kwamba unasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza, wanyama wanahesabika. Ya pili, nyama si chakula cha lazima, ni starehe ya mwisho wa juma. Sisi hatuna hata moja.

Mnyama wetu wa kila siku ni mboloko, paa mdogo wa rangi ya kijivu anayekaribia kilo tano. Anaishi mume na mke kwenye kipande kidogo cha msitu, hahami, na mke huzaa mtoto mmoja kwa uzazi baada ya mimba ya miezi kama saba. Tabia hizi zinamfanya awe rahisi kukamatwa. Mwindaji mzoefu haendi kumtafuta: huchuchumaa nyuma ya mti, hubana pua na kulia kama mboloko aliye taabani, na mwenye eneo anakuja mwenyewe kutazama. Kipande alichotoka kinabaki kitupu hadi kijana wa jirani akue na kukihamia.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 1991 wataalamu wawili, John Robinson na Kent Redford, walitoa kanuni ambayo bado inatumika kama breki ya kwanza. Wanyama wanaoishi muda mrefu, kama sokwe na tembo, usivune zaidi ya asilimia 20 ya ongezeko lao la mwaka. Wanaoishi miaka mitano hadi kumi, asilimia 40. Wale wa maisha mafupi sana, asilimia 60. Mboloko tumweke kwenye kundi la katikati. Chukulia msitu wa kilomita za mraba 100 wenye mboloko kumi kwa kila kilomita. Hao ni elfu moja. Nusu ni majike, na kwa ukarimu tuseme kila jike analeta mtoto mmoja kwa mwaka: watoto 500. Asilimia 40 ni 200. Gawanya kwa majuma 52. Unapata mboloko wanne kwa wiki, hawafiki hata kamili.

Wanne. Kwa msitu ambao ungekuchukua siku nzima kuuvuka kwa miguu. Ukiondoa mifupa, ngozi na matumbo, hiyo ni nyama ya kilo kumi na mbili hivi. Kama pembezoni mwa msitu huo wanaishi watu elfu moja, kila mmoja anapata gramu kumi na mbili kwa wiki, yaani kitu cha kupaka kwenye bukari, si cha kula. Ongeza paa wekundu, nguruwe, nungunungu, panya wakubwa; hesabu inapanda lakini haigeuki kuwa nyingine. Wachunguzi wa misitu ya mvua kwa jumla hukadiria kwamba kilomita moja ya mraba inaweza kumlisha nyama mtu mmoja tu bila kumalizika. Nikitazama vijiji kuanzia Kasongo kushuka mtoni, nadhani tulivuka mpaka huo kabla mimi sijazaliwa.

Hilo ndilo tatizo ambalo sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 ilitakiwa kulitatua. Ndani yake kuna vibali, kuna orodha ya wanyama waliokingwa kabisa na waliokingwa kwa sehemu, na kuna msimu wa kufunga uwindaji ambao jimbo hutangaza. Msimu wa kufunga ni wazo lililotoka nchi zenye baridi kali, ambako kulungu wote huzaa karibu kwa wakati mmoja na ni rahisi kusema: hapa tupumzike. Mboloko huzaa miezi yote. Hakuna mwezi ambao ukifunga msitu utakuwa umewaokoa wenye mimba wote, na hakuna ambao ukiufungua hutawakuta.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema msimu huo ni upuuzi mtupu. Faida yake iko mahali pengine. Mlinzi aliyesimama kwenye njia ya kuingia Kindu, makao makuu ya jimbo, akipita kijana mwenye baiskeli iliyosheheni vikapu, hana njia ya kujua paja lile jeusi ni la nani. Msimu ukiwa wazi, atabishana hadi jua lizame. Msimu ukifungwa, swali linakuwa moja tu: je, hii ni nyama ya pori? Kwa lugha ya kiufundi, msimu wa kufunga haulindi uzazi. Unapunguza gharama ya ukaguzi. Ukiuelewa hivyo, unajua pia wapi pa kuutumia: barabarani, bandarini, kwenye soko la mji, dhidi ya mzigo wa biashara. Kuupeleka hadi kwenye chungu cha mama aliyetegewa panya na mwanawe ni kupoteza nguvu na kupata maadui.

Jimbo letu lina mfano mmoja ambapo mambo yalipangwa kwa mfuatano unaoeleweka, nao ni Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Watu wengi wanaujua mwisho wake: ilitangazwa Julai 2016, karibu kilomita za mraba 8,900, kati ya Maniema na Tshopo. Mwanzo wake unafundisha zaidi. Mwaka 2007 timu ya John na Terese Hart, Wamarekani waliokuwa wameishi miaka mingi Ituri, iliingia na wenzao Wakongo kwenye msitu ulio kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba. Hawakuja na mpaka mkononi. Walitembea. Wakiwa na GPS na daftari waliandika kila kinyesi, kila kiota cha bonobo, kila kambi ya wawindaji, kila tego. Hivyo ndivyo wanyama wa msitu mnene wanavyohesabiwa: huwaoni, unahesabu walichoacha, na unahesabu pia alichoacha binadamu. Ramani mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine, unaona mahali ambapo wanyama bado wako na watu hawajafika sana. Bonobo walikuwapo, okapi walikuwapo, tembo walikuwapo.

Mwaka huohuo wa kwanza walikutana na kima mdogo aliyefungwa kamba kwa mwalimu wa shule huko Opala. Wenyeji walimwita lesula, na walikuwa wakimla siku zote. Sayansi ilimpa jina lake la Kilatini, Cercopithecus lomamiensis, mwaka 2012. Wageni waliandika kwamba "amegunduliwa". Kwa wawindaji ilikuwa kama kusikia kwamba mtu amegundua sombe, yaani kisamvu.

Hatua iliyofuata ndiyo ambayo mafundi wa ramani huiruka. Kabla ya karatasi kwenda Kinshasa, wazee wa ukoo wenye misitu hiyo walifanya tambiko. Waliulizwa wahenga kama msitu unaweza kutolewa, ni sehemu ipi, na kwa masharti gani. Mtu wa ofisini anaweza kuona huo ni ushirikina wa kupendezesha picha. Mimi naona ni rejista ya ardhi. Kanuni ya Misitu ya 29 Agosti 2002 inasema msitu ni wa Leta. Kijijini kila kijito kina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa jina la babu yake. Tambiko liliwaleta wenye vijito mbele ya mashahidi, kila mmoja akatamka mwisho wa eneo lake. Mkataba uliotamkwa hivyo hauna muhuri, lakini anayeuvunja anajulikana kijiji kizima. Baada ya hapo zikaja serikali za majimbo, na Kinshasa ikawa ya mwisho. Miaka tisa kwa jumla. Katikati, mwaka 2015, jimbo la Orientale, ambamo Tshopo ilikuwamo, likagawanywa, na mazungumzo yaliyoanza na ofisi moja yakamalizikia kwa nyingine.

Kiufundi Lomami ni ghala. Msitu usiowindwa hujaa. Vijana wa mboloko wakikosa nafasi husukumwa nje hadi maeneo ya pembeni ambako vijiji vinaishi, na huko ndiko wanakotegwa. Bila ghala, hesabu yangu ya wanne kwa wiki ni ya kwenda chini kila mwaka. Ghala likiwepo, pembeni panaweza kuvunwa zaidi ya panavyozaa penyewe. Wawindaji waliowahi kuacha bonde kwa miaka michache kwa sababu ya msiba au vita wanajua jambo hili bila kuchorewa.

Je, Nyangwe iige? Si kwa kunakili. Kwanza, mto wenyewe unakataa. Bonobo wanaishi ng'ambo ya kushoto peke yake; upande wetu wa kulia ni sokwe, wale ambao msafiri Livingstone aliandika habari zao alipokuwa huku Maniema akiwaita "soko". Orodha ya wanyama wa kulinda inabadilika kwa kuvuka mtumbwi mmoja. Pili, msitu wetu umeshatumika kwa muda mrefu mno. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika hapa mnamo miaka ya 1860 kwa sababu pembe za ndovu zilikuwa rahisi kuliko Tabora au Ujiji, na zilikuwa rahisi kwa sababu tembo walikuwa bado hawajaguswa na biashara. Livingstone alipofika Machi 1871 soko la Nyangwe lilikuwa tayari limekua, na Julai mwaka huo aliona watu wakipigwa risasi sokoni humo. Kufikia Machi 1893 wanajeshi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipouteka mji, wawindaji wa pembe walikuwa wameshasogea mbali, kaskazini na magharibi. Walikuwa wakihama na tembo. Hakuna aliyehesabu kilichobaki nyuma.

Kwa hiyo chombo kinachotufaa ni kidogo kuliko hifadhi ya taifa. Dekreti namba 14/018 ya 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake wa mila uwe konsesyo yake, hadi hekta 50,000, bila ukomo wa muda. Agizo la waziri la Februari 2016 linaeleza vyombo vya kuuendesha: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya udhibiti, baraza la wazee. Halafu mpango rahisi unaogawa msitu: hapa tunalima, hapa tunawinda, hapa hatuingii. Baraza la wazee ndilo mahali pa tambiko, ingawa sheria haikulitaja kwa jina hilo.

Hekta 50,000 ni kilomita za mraba 500. Kwa hesabu yetu ni mboloko karibu ishirini kwa wiki kama msitu wote uko katika hali nzuri, na hauko. Funga theluthi moja katikati iwe ghala, wabaki kumi na watatu, na baada ya miaka michache idadi ipande tena kwa wale wanaosukumwa nje. Ishirini au kumi na watatu: hizo ni namba ambazo kamati ya kijiji inaweza kuzifuata, tofauti na maneno "uvunaji endelevu" ambayo hayahesabiki.

Zitafuatwa kwa kudhibiti vifaa, si kwa kuhesabu risasi. Bunduki ya kalibre 12 inatisha, lakini risasi ni ghali na mwenye nayo hutafuta nguruwe au kundi la nyani. Mboloko anamalizwa na waya. Tego la waya halichagui jike wala mtoto, linafanya kazi usiku na mchana, na mwenye matego mia hawezi kuyapitia yote kwa siku. Anachokikuta baada ya siku tano kimeshaoza au kimeliwa na siafu. Nyama inayooza porini imetolewa kwenye wale wanne, na hakuna aliyeila. Kanuni mbili fupi, idadi ya matego kwa kila mtu na mapitio kila siku ya pili, zingeokoa wanyama wengi kuliko kibali chochote cha Kindu, na kila jirani anaweza kuzikagua kwa kupita njia ileile.

Halafu bandarini. Nyangwe ina bahati ambayo vijiji vya ndani havina: mto huleta samaki, na mzigo mkubwa wa nyama lazima upite ufukweni. Sharti liwe kwamba nyama isishuke bila kichwa au kwato. Kichwa cha mboloko hakifanani na cha nyani hata kikiwa cheusi kama mkaa, na kijana mwenye daftari la shule anaweza kuchora mstari mmoja kwa kila kichwa, kila siku ya soko, kwa mwaka mzima. Kabla ya mwaka huo kwisha, namba zote nilizoandika hapo juu ni za mezani kwangu.