Maswali Manne ya Mtunza Stoo

Mwenyekiti wa jopo alifunga faili, akauliza kama ilivyo desturi: "Una swali lolote kwetu?" Tangu asubuhi, kwenye chumba kimoja cha joto jijini Dar es Salaam, tulikuwa tumewasaili watu sita wa kazi ya utunzaji stoo. Wote walijibu, "Hapana, asante." Mimi, mwandishi wa kumbukumbu, nikaanza kufunika kalamu.

Dada wa saba akasema, "Ninayo machache, Mwenyekiti." Akatoa kidaftari mkobani, akakifungua palipokunjwa. Niliona orodha ndefu iliyoandikwa kwa penseli, karibu yote imekatwa mstari. Maswali manne tu ndiyo yalibaki.

La kwanza lilianzia mlango wa stoo. "Mzigo ukifika pungufu, anayesaini hati ya kupokelea ni nani?" Kisha akanyamaza. Meneja, mmoja wa wajumbe wa jopo, akajibu, "Mtunza stoo." Dada hakuujaza ukimya uliofuata. Meneja akakohoa, akaongeza: "Lakini dereva naye anatakiwa asaini." Jibu hilo la pili ndilo alilokuwa akilingoja, akaliandika.

Swali la pili lilidai tukio. "Mara ya mwisho mlipohesabu mzigo ukatofautiana na vitabu, mlifanyaje?" Utaratibu kila meneja anao mdomoni; tukio hana budi alikumbuke. Meneja alikuna kidevu, akasimulia taratibu. Dada hakumkatiza hata mara moja.

La tatu lilihusu saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na kutaka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Bila shaka aliijua, ila hakuitaja. Aliuliza, "Kontena likiingia usiku, saa zile zinaandikwa wapi?" Angeuliza kama zinalipwa, angeambiwa ndiyo, yakaisha. Kwa "wapi", ilibidi litajwe daftari. Hatukulitaja.

La mwisho: "Miezi mitatu ya mwanzo ikiisha, mtanipima kwa kitu gani?" Tukatazamana. Kila mjumbe alitoa jibu lake. Akayaandika yote matatu, akatusomea, akauliza, "Nimeelewa sawasawa?" Akashukuru, akarudisha kiti mahali pake, akatoka.

Kabla ya kumwita wa nane, Mwenyekiti alimgeukia meneja. "Hebu, ndugu yangu, hizo saa za usiku tunaziandika wapi?"