Geji Kwanza, Milimita Baadaye: Kuchagua Throto ya Injini Yenye Supachaja

Miongoni mwa wapenzi wa injini za supachaja, kipenyo cha throto hutajwa kama cheo. Mwenye milimita 80 humtazama mwenye 65 kwa huruma, na muuza spea analijua hilo, ndiyo maana namba huchapwa kubwa kwenye boksi. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo, ikisimama peke yake, haisemi lolote kuhusu ubora wa kazi. Throto iliyochaguliwa vizuri ni ile ndogo kuliko zote zinazoiacha supachaja ivute hewa bila kukabwa, injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu kabisa unaoutumia kweli. Kinachoamua ni upungufu wa presha kwenye mdomo wa supachaja, na upungufu huo hupimwa. Haukisiwi kwa macho.

Kabla ya ukubwa, uliza mahali. Kwenye Toyota 4A-GZE, injini ya lita 1.6 iliyotoka mwaka 1986, throto imekaa mbele ya supachaja: hewa hupita kisahani cha throto kwanza, ndipo isongwe. Mini Cooper S ya kizazi cha kwanza chini ya BMW, yenye supachaja ya Eaton M45, ina mpangilio huohuo. Lakini Mercedes za Kompressor za silinda nne, zikiwemo C200 ambazo si ngeni Nairobi wala Dar es Salaam, zina throto baada ya supachaja na intakula, mlangoni mwa manifoldi. Supachaja za mtindo wa feni, kama za Vortech na ProCharger, nazo kwa kawaida huiacha throto palepale ilipokuwa, hewa ikiijia tayari imesongwa. Tofauti hii si ya mpangilio wa mabomba tu. Supachaja huzidisha ile presha inayopewa. Tuseme inazidisha mara 1.6: ikipewa kilopaskali 100 hutoa 160. Throto iliyo mbele ikila kilopaskali 4, supachaja hupewa 96 na kutoa 153.6. Hasara ya 4 imekuwa 6.4, karibu psi moja. Throto hiyohiyo ukiihamishia nyuma, inapitisha uzito uleule wa hewa, lakini hewa imeshasongamana na kwa hiyo inakwenda polepole zaidi. Hasara hushuka chini ya kilopaskali 3, na hakuna cha kuizidisha tena. Kwa hiyo mwenye C200 anayeanza matengenezo yake kwa kununua throto kubwa ameanzia mahali ambapo pana kidogo sana cha kuokota.

Tubaki basi na throto ya mbele, ambako ubishi una maana, tutazame hesabu. Hasara ya presha hufuata mraba wa mwendo wa hewa, na mwendo hutegemea eneo la tundu, ambalo nalo hufuata mraba wa kipenyo. Matokeo yake ni kwamba hasara hushuka kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Throto ya milimita 60 inayopoteza kilopaskali 4 itapoteza takriban 2.2 ikiwa ya 70, na 1.3 ikiwa ya 80, na 0.8 ikiwa ya 90. Hatua ya kwanza inarudisha 1.8, ya pili 0.9, ya tatu nusu tu. Zigeuze sasa kuwa nguvu. Injini ya farasi 170 iliyopungukiwa na asilimia 4 ya hewa mdomoni imepoteza farasi kama 7. Kutoka 60 kwenda 70 kunarudisha kama 3. Kutoka 70 kwenda 80, kama moja na nusu. Kutoka 80 kwenda 90, haifiki mmoja. Hesabu hizi ni za makadirio, kwa kuwa umbo la mlango wa throto na shafti yake hubadilisha kidogo kila jibu, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Anayeahidi farasi 20 kwa throto peke yake anapaswa kwanza kuonyesha kwamba ile ya zamani ilikuwa inakaba kwa kiasi hicho. Mara chache sana huwa hivyo.

Ushahidi wa pili unatoka kwa wenye maabara. Dodge Hellcat ya 2015, farasi 707 kutoka lita 6.2, ilipewa throto moja ya milimita 92. Chevrolet, kwa Corvette ZR1 ya 2009 yenye farasi 638, iliona 87 inatosha. Dodge walipofika kwenye Demon 170 ya 2023, farasi 1,025 kwa mafuta ya ethanoli, supachaja ilikua kutoka lita 2.4 hivi kwa mzunguko hadi lita 3.0, na throto ikapanda hadi 105. Farasi 318 za ziada ziliandamana na milimita 13. Linganisha na mtu anayeongeza milimita 20 kwenye injini ya silinda nne akitafuta farasi 30. Na tusidanganywe na throto pacha pia: Ford Mustang Cobra ya 2003 ina matundu mawili ya milimita 57, lakini mawili hayo hayafanyi 114. Eneo lake ni sawa na tundu moja la milimita 81 hivi, kwa injini ya farasi 390.

Wengine watasema: sawa, faida ni ndogo, lakini kubwa ina ubaya gani? Throto hufunguka kadiri unavyokanyaga. Usipotaka hewa nyingi, usikanyage sana. Hoja hii ina mvuto, ila inasahau kwamba dereva hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa amekanyaga kidogo. Kisahani kikubwa kikigeuka nyuzi chache tu kimeshafungua eneo ambalo kidogo kingelifikia katikati ya safari yake. Robo ya kwanza ya pedali inabeba karibu kila kitu, iliyobaki inakuwa mapambo, na kwenye foleni au lami yenye maji gari linaruka kila unapogusa. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, kisahani kinatakiwa kushika upenyo mwembamba kama unywele kwenye mzingo mrefu zaidi, na uchafu kidogo unatosha kuufanya mzunguko uyumbe. Kwenye magari yenye throto ya umeme, kompyuta hukadiria hewa kwa kusoma pembe ya kisahani. Ukibadilisha kipenyo bila kuifundisha upya, taa ya injini huwaka na nguvu hukatwa. Kisha kuna mdomo wa supachaja wenyewe. Throto ya 80 iliyofungwa kwenye mdomo wa 65 inaacha ukingo ambao hewa inaugonga, na tundu halisi linabaki 65.

Upinzani kutoka upande wa pili ni wa heshima zaidi: kiwanda kilishapima, usiguse. Kwa gari ambalo puli yake ya supachaja haijabadilishwa, nakubali karibu kabisa. Lakini kiwanda kilipima kwa puli yake. Anayefunga puli ndogo ili supachaja izunguke haraka zaidi ameongeza hewa inayopita kwenye tundu lilelile, na kwa kuwa hasara hufuata mraba, asilimia 15 ya hewa huleta asilimia 32 ya hasara. Baadhi ya wanaofanya hivyo hujibu presha isiyopanda kwa kufunga puli ndogo zaidi. Hapo wanalipa kwa joto na kwa maisha ya mkanda kile ambacho throto ya kadiri ingewapa bure. Katika hali hiyo kukataa kubadilisha throto ni ukaidi tu.

Namna ya kujua uko upande gani ni kutoboa sehemu mbili, moja kabla ya kisahani na moja kati ya kisahani na supachaja, na kuziunganisha na geji ya kupima tofauti ya presha yenye skeli ndogo. Geji ya kawaida ya bust, iliyotengenezwa kusoma kilopaskali mia na zaidi, haitakuonyesha mbili. Wapo wanaotumia mrija wenye maji, kwa kuwa kilopaskali moja ni sentimita 10 hivi za maji. Ni njia sahihi kwenye meza, hatari kwenye gari: ukiachia mafuta ghafla, utupu nyuma ya kisahani hufyonza maji yote hadi kwenye rota za supachaja. Anayetumia sensa ya presha kamili akumbuke mwinuko. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ina kilopaskali kama 83, Mombasa 101. Sensa iliyowekwa sifuri Pwani ikisomwa Nairobi itaonyesha upungufu wa 18 hata injini ikiwa imezimwa, na mtu atakwenda kununua throto kwa kosa la mlima. Kipimo kichukuliwe pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, karibu na kikomo cha mzunguko. Tofauti ikiwa chini ya kilopaskali 2, iache throto. Ikizidi 4, badilisha. Katikati ya hapo mimi ningetazama kwanza chujio la hewa na kona za bomba, kwa sababu mara nyingi kabla hewa haijafika kwenye throto imeshakabwa huko.

Ukishajua milimita unazohitaji, usiziamini zilizoandikwa. Pima kwa kalipa pale kisahani kinapokaa, si kwenye mdomo uliopanuliwa ili upendeze. Toa pia eneo linalozibwa na shafti. Throto ya 70 yenye shafti nene ya milimita 10 inaacha wazi milimita za mraba kama 3,150. Ya 68 ambayo shafti yake imechongwa hadi milimita 5 inaacha karibu 3,300. Ndogo imeshinda kubwa, na fundi aliyechonga shafti ile ndiye anayestahili pesa yako. Tikisa shafti kwa vidole: isicheze. Funga kisahani ukiielekeza throto kwenye mwanga: duara jembamba la mwanga liwe sawa pande zote. Mwisho tazama skrubu mbili ndogo zinazoshika kisahani. Ncha zake ziwe zimegongwa kwa nyuma au zimetiwa gundi ya nyuzi. Kwenye injini isiyo na supachaja, skrubu iliyochomoka huenda ikaharibu silinda moja. Hapa inaangukia kati ya rota mbili zinazozunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, zikiwa zimeachana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa skrubu hiyo.