Rahisi Kampala, Ghali Bunia

Gari la spoti lililozeeka huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu zinazoeleweka. Nchini Japani gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyozidi kutoa fedha ili lipite ukaguzi. Wengi huona afadhali waliuze. Kenya haipokei kwa matumizi ya ndani gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilizuia mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Toyota Altezza, gari la spoti la aina hiyo, ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Kwa hiyo ile inayomngoja mteja Kampala leo, ipelekwe Bunia, kwetu Kongo, kupitia mpaka wa Goli na Mahagi, kwa kawaida imeshatumika Uganda miaka mingi baada ya kutumika Japani. Dalali ataiita bei yake bahati. Mimi naiita deni: kila mwenye gari aliyetangulia aliahirisha matengenezo fulani, na wa mwisho ndiye anayekabidhiwa hesabu yote, tena katika mji ambako kuilipa ni kazi ngumu zaidi.

Tuanzie chini, kwenye tairi. Altezza RS200 yenye rimu za inchi 17 ilitoka kiwandani na tairi zenye maandishi 215/45 R17, yaani upana wa milimita 215 na ukuta wa pembeni ulio asilimia 45 ya upana huo: kama milimita 97 tu za mpira kati ya rimu na barabara. Toyota Noah ya miaka hiyohiyo, yenye tairi za 195/65 R15, ina milimita 127. Sentimita 3 hizo hazionekani kwenye lami ya Bulvadi ya Libération, lakini ukitoka kuelekea Komanda au Mahagi, shimo ambalo tairi ya Noah inalimeza hufika moja kwa moja kwenye rimu ya Altezza. Rimu ikipinda, usukani unatetemeka. Mtetemo unakula bushi na boljointi. Bushi zikiisha, tairi inalika upande mmoja. Hapo mtu hununua tairi mpya, nayo inalika vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye tairi.

Deni la pili ni petroli. Japani huuza petroli ya aina mbili, ya kawaida na ya oktani ya juu inayokaribia 100, na injini ya RS200, sawa na ile ya turbo ya Subaru Impreza WRX, iliundwa kwa hiyo ya pili. Bunia mafuta huuzwa vituoni, na pia kando ya barabara na wale tunaowaita kadhafi, katika chupa na bidoni zisizosema oktani wala safari zilizopitia. Petroli dhaifu ikibanwa sana ndani ya silinda huwaka kabla ya wakati wake, na injini hugonga. Kompyuta ya gari husikia mgongano huo na kuchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na matokeo yake nguvu zinapungua huku mafuta yakiliwa zaidi. Aliyenunua kasi anajikuta analipia kasi asiyoipata. Na kwenye turbo, mgongano huo ukiachwa uendelee, huvunja pistoni.

Deni kubwa zaidi, hata hivyo, limo ndani ya vitu vinavyozeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mpira haungoji kilomita. Mipira ya maji, sili za mafuta na mkanda wa taimingi hukauka kwa miaka na joto, ndiyo maana dashibodi inayoonyesha kilomita 90,000, hata ikiwa haikuchezewa, haithibitishi afya. Katika injini ya EJ20 ya WRX mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na kazi ya mkanda mmoja inageuka kazi ya injini nzima. Mnunuzi anaweza kujisaidia kwa kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa imepoa. Akiona chini yake utando mweupe mzito kama uji, maji huenda yamechanganyika na oili, na gasketi ya kichwa cha injini ni mshukiwa wa kwanza. Ni dakika moja ya kazi, wala haihitaji kompyuta.

Mtetezi wa magari haya atanijibu kwamba mafundi wa Bunia hawashindwi na kitu, na kwamba Kampala imejaa piesi za okasioni. Nakubali yote mawili. Ila ufundi wa kubahatisha, ule tunaoutania kuwa ni Kifungu cha 15, hufaa pale mashine inapovumilia makosa. Injini ya Noah huvumilia mengi. Turbo ya WRX inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili haivumilii oili chafu hata kidogo. Na piesi ya Kampala lazima ipande barabara ya taifa namba 27, inayokatiza Djugu, eneo lililoteswa na mashambulizi kwa miaka mingi. Njia ikifungwa, gari hulala garajini wiki nzima, na mwenyewe analipa pikipiki kila asubuhi. Nauli hiyo nayo ni bei ya gari.

Pingamizi lingine lina uzito zaidi: hata Noah ina usukani wa kulia, na Kongo tunapita kulia. Ni kweli, hatari hiyo ni ya wote. Taa za gari lililoundwa kwa nchi za kupita kushoto hurusha mwanga juu upande wa kushoto. Kwetu huko ndiko anakotokea dereva mwenzako, kwa hiyo unampofua yeye huku mtu anayetembea ukingoni kulia amebaki gizani. Lakini gari la spoti hununuliwa ili lipite mengine. Dereva aliyekaa upande wa ukingo, nyuma ya lori la Fuso, hawezi kuona njia mpaka atoe nusu ya gari lake katikati. Umbo lilelile, kwa matumizi tofauti, hubeba hatari tofauti.

Simkatazi mtu Altezza. Mwenye gari jingine la kazi, anayetaka hili la Jumapili mjini, anajua anachonunua. Kwa mwenye gari moja tu, hesabu ya haki iandikwe kabla ya kuvuka Goli: mkanda, mipira ya maji, bushi, tairi za ukuta mrefu zaidi kwenye rimu ndogo, taa zinazofaa njia yetu, ushuru wa forodha. Jumla hiyo iongezwe kwenye bei ya dalali, kisha ndipo ilinganishwe na bei ya Noah iliyoegeshwa pembeni yake.