Mrushaji au mtupaji? Neno moja la Kiingereza mbele ya mfasiri

Neno la Kiingereza bowler huorodheshwa kwa kawaida miongoni mwa majina ya watu wanaotupa vitu. Hata hivyo, katika mchezo wa kriketi, ambamo hutumika zaidi, bowler ni mtu aliyekatazwa kutupa. Mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo huweza kumgeuza mtu asiye na hatia kuwa mkosaji.

Kitenzi bowl kimetokana na boule ya Kifaransa, yaani tufe; hakina udugu na bowl nyingine, iliyo bakuli, ambayo ni neno la kale la Kiingereza. Kwanza, basi, bowler ni mtu anayebingirisha tufe juu ya nyasi. Pili, ni mchezaji wa kriketi anayempelekea mpira mshika gongo. Tatu, ni kofia ngumu ya duara, iliyopewa jina la ndugu Thomas na William Bowler walioitengeneza London mwaka 1849. Maana hii ya mwisho haihusiani na tendo la kurusha hata kidogo: ni jina la ukoo lililogeuka jina la kitu.

Mtego umo katika maana ya pili. Kanuni za kriketi humruhusu mchezaji kuzungusha mkono wake wote, ila humkataza kukunjua kiwiko wakati wa kuupeleka mpira. Akikikunjua, huhesabiwa kuwa ametupa, na mpira wake ni batili. Tangu mwaka 2005 kiwiko huruhusiwa kunyooka kwa nyuzi zisizozidi 15. Tarehe 26 Desemba 1995, mjini Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alimhesabia Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka kosa hilo mara saba. Mchezaji huyo, ambaye kiwiko chake hakinyooki kikamilifu tangu kuzaliwa, aliruhusiwa baadaye kuendelea, na mwaka 2010 alistaafu mechi za siku tano akiwa amewatoa wapigaji 800.

Mfasiri wa Kongo mara nyingi huifikia matini ya Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Kifaransa humpa lanceur, neno linalomfunika mchezaji wa kriketi, wa besiboli, hata mrusha mkuki. Akitoka hapo na neno mtupaji, habari ya Melbourne husomeka hivi: mtupaji alishtakiwa kwa kutupa. Msomaji atauliza kosa liko wapi, na matini haitamjibu.

Kiswahili hakikosi njia. Kurusha ni kukifanya kitu kiruke. Kutupa hubeba pia maana ya kuacha na kukataa, kama isemavyo methali: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Ni kweli kwamba katika usemi wa kila siku vitenzi hivi huingiliana. Jiwe hutupwa na jiwe hurushwa. Lakini kazi ya istilahi ni kugawanya pale ambapo usemi wa kawaida haukuhitaji kugawanya. Mrushaji na awe jina la mchezaji, na kutupa kubaki jina la kosa. Hapo itaeleweka kwamba mrushaji alishtakiwa kwa kutupa, na msomaji ataona wazi ni heshima gani ya mtu iliyokuwa ikipimwa siku ile.