Kapiteni Janeway hakuuliza mtu

Bandugu, leo tuache siasa kidogo tuongee juu ya filamu. Najua tutarudi kwenye siasa tu, lakini tuanzie mbali.

Wengi wetu tunaijua Star Trek juu ya Uhura, yule dada aliyechezwa na Nichelle Nichols tangu 1966, ambaye jina lake limetoka kwenye neno letu "uhuru". Mimi nimemaliza ile ya baadaye, Voyager, ya 1995 mpaka 2001. Kapiteni wake ni Kathryn Janeway. Watu wanamsifu sana kama mfano wa kiongozi. Mimi nina shida naye.

Sehemu ya kwanza: chombo chake kimetupwa mbali na nyumbani, safari ya miaka kama 75. Kuna mtambo mmoja unaoweza kuwarudisha. Janeway anauvunja, ili Wakazon wasiukamate na kuangamiza Waocampa, watu wadhaifu. Nia ni nzuri. Lakini B'Elanna Torres anauliza swali la haki: huyu ni nani wa kutuamulia sisi wote? Anajibiwa tu kwamba huyo ndiye kapiteni. Filamu inaendelea, kama vile hilo ni jibu.

Wanaomtetea wanasema wakati haukuwepo, Wakazon walikuwa wanapiga. Hapo ndipo sikubali. Mwisho wa 2022, vita vilipofika kwetu Kibumba, baba alituita ndani ya nyumba, milio inasikika. Akauliza kila mtu, kuanzia nyanya: tushuke Kanyaruchinya ao tubaki na viazi vyetu shambani? Ilichukua dakika tano hivi. Nyanya alikataa, akasikilizwa, mwishowe akakubali. Tulilala juu ya mawe ya volkano chini ya plastiki, mvua inanyesha, na hakuna aliyemlaumu baba. Uamuzi ulikuwa wetu wote.

Kesi ya pili ni ya Tuvix, 1996. Ajali inaunganisha watu wawili, Tuvok na Neelix, wanakuwa mtu mmoja mpya. Baadaye dawa ya kuwatenganisha inapatikana, lakini Tuvix anaomba aachwe aishi. Daktari anakataa kumwua mtu asiyetaka kufa. Janeway anafanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Hesabu yake ni wawili kwa mmoja. Kinachoniumiza zaidi ni wenzake: Tuvix anawaangalia mmoja mmoja, wote wananyamaza. Kapiteni anayeamua peke yake kila siku anafundisha watu wake kunyamaza.

Ndiyo maana mwaka 1999, kwenye "Equinox", anapomfungia mfungwa chumbani na kumwachia viumbe wanaoua ili aseme siri, ni Chakotay peke yake anayemzuia. Na Chakotay anavuliwa kazi! Mwishoni Janeway anakubali kwamba msaidizi wake alikuwa na sababu ya kuasi. Vizuri, lakini amechelewa.

Tumpe pia haki yake. Jambo moja alifanya vizuri kuliko wakubwa wengi: aliingiza waasi wa Maquis ndani ya jeshi lake, akawapa kazi za kweli. Chakotay akawa msaidizi, Torres mkuu wa mafundi. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tulijaribu mixage mwaka 2007, ikavunjika mwaka uleule. Makubaliano ya 23 Machi 2009 nayo yalizaa jina la uasi wa 2012. Janeway alifaulu juu kila mtu alikuwa na kiti na chombo kilikuwa kimoja. Basi ajabu ni hii: aliwapa viti, lakini sauti hakuwapa.

Sisi tunajua kuamuliwa. Tunajadiliwa Nairobi, Luanda, Doha, na yaliyoamuliwa tunayasikia kwenye redio kama kila mtu.

Wengine wananiambia: lakini si aliwafikisha nyumbani? Kweli, na kwa miaka 7 badala ya 75. Lakini wengine walikufa njiani, na siku ya kuvunja mtambo hawakuulizwa.

Wasomi wenzangu, kesho tutapewa viti: shule, kituo cha afya, ushirika wa wakulima. Watu watakuja kwetu na swali la Torres. Tutawajibu nini?