Je, Kama Takadini Asingejua Kupiga Mbira?

Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo wengi wetu tumeisoma katika tafsiri ya Kiswahili, kwa kawaida huhakikiwa kama hadithi ya ushujaa wa mama. Sekai anakaa miaka mingi kwa Makwati bila mtoto. Hatimaye anajifungua, lakini mtoto ni sope, yaani albino, na mila inataka auawe. Sekai anatoroka naye. Ushujaa huo siupingi. Ninachopinga ni njia anayoitumia mtunzi kutushawishi kwamba mtoto alistahili kuokolewa.

Tazama jinsi Takadini anavyokubalika ugenini. Mzee Chivero anamfundisha mbira na uganga, kijana anakuwa hodari, Shingai anampenda. Kila tukio ni kama shahidi anayeitwa barazani aseme: mnaona, huyu anafaa. Msomaji hufurahi, nami nilifurahi. Lakini wale waliotaka afe walikuwa na swali hilohilo: mtoto huyu atatufaa nini? Hanson amebadilisha jibu tu. Swali ameliacha palepale.

Nalitaja hili kwa sababu siku hizi swali lenyewe huulizwa kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba watu wenye sindromu ya Down wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Leo damu ya mjamzito yaweza kuonyesha dalili ya hali hiyo mapema. Denmark ilianza mwaka 2004 kuwapa wajawazito wote nafasi ya kuchunguzwa, na idadi ya watoto waliozaliwa na hali hiyo ikapungua sana, kwa kuwa wazazi wengi wanaothibitishiwa huitoa mimba. Huko hakuna baraza la wazee. Kila mzazi huamua kivyake, lakini maamuzi yanafanana kana kwamba baraza lilikaa. Wanaopinga nao hujibu kwa picha za vijana wenye Down walioajiriwa au wanaoigiza filamu. Hiyo ni mbira tena. Na yule ambaye hatajifunza hata kufunga vifungo vya shati?

Je, kipimo ndicho kibaya? Sidhani. Shangazi yangu wa Koboko, anayeuza unga wa muhogo sokoni, ana binti wa miaka tisa mwenye Down. Mgeni mmoja alimuuliza, mtoto akiwa amesimama hapohapo anasikia, kama angejua mapema angefanyaje. Shangazi alimaliza kwanza kumpimia mteja unga. "Mwanangu," akasema, "ningekwenda kujifungulia Arua." Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo. Ya huyu binti iligunduliwa amefikisha miezi minane, na Taasisi ya Moyo iko Mulago, Kampala, mwendo wa usiku kucha kwa basi. Kwa shangazi, kujua mapema kungekuwa maandalizi tu.

Wenzangu darasani husema mjadala huu hautuhusu Uganda, maana Ibara ya 22 ya Katiba ya 1995 inakataza kuutoa uhai wa mtoto aliye tumboni ila kwa idhini ya sheria. Naona wamekimbilia kumaliza. Sheria hiyo inamfikisha mtoto mlangoni mwa wodi. Kutoka hapo anabebwa na mama, bibi na dada mkubwa anayekosa shule, huku akina Makwati wa huku kwetu wakisema kwamba katika ukoo wao hakuna kitu kama hicho.

Ndiyo maana nadhani tunamsoma Chivero vibaya. Maswali ya mitihani hutaka sifa za Sekai na mafanikio ya Takadini. Mzee huyo huwekwa katika orodha ya wahusika wadogo, mwalimu wa mbira basi. Lakini alimkubali Takadini angali mchanga, mtoto wa mwanamke mgeni asiye na ukoo pale kijijini, wakati ambapo hakuna aliyejua kama vidole vile vingewahi kugusa ala yoyote. Kurasa hizo ndizo ninazozirudia, na ndizo ambazo wahakiki wetu huzipita haraka.