Risasi Kiunoni: Namna Mzamiaji Anavyorudishwa Baharini

Cheti cha kuzamia kwa mitungi hakina tarehe ya kuisha. Mtu aliyehitimu miaka kumi iliyopita akishuka leo Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja, karatasi yake bado inakubalika na boti la kwenda Mnemba linaweza kumpakia. Ndiyo maana swali la kwanza pale kwenye kibanda cha vifaa linapaswa kuwa moja tu: mara ya mwisho ulizama lini?

Kwa aliyekaa miaka mingi bila kuzama, mengi hurudi haraka. Ishara za mikono anazikumbuka, geji anaisoma, na akivalishwa jaketi la kuzamia, linalojazwa na kutolewa hewa, vidole vyake vinajiendea vyenyewe kwenye mikanda. Pumzi ndiyo iliyomtoroka. Mtu mwenye wasiwasi hupumua juu juu: anavuta hewa nyingi, anatoa kidogo, anavuta tena kabla ya mapafu kushuka. Akibaki na lita 2 zaidi kifuani, bahari inamsukuma juu kwa nguvu ya takriban kilo 2. Basi anapiga mapezi ili azame, anachoka, anazidi kuhema, anazidi kuelea.

Hapo ndipo uamuzi mdogo unapoharibu safari nzima. Mwongozaji ana risasi za uzito za akiba mfukoni, wageni wengine wameshashuka wanasubiri, naye anamchomekea kilo 2 au 4. Mgeni anazama. Boti zima linaridhika, ilhali tatizo limefunikwa tu.

Hesabu yake iko wazi. Kila kilo iliyozidi hudai takriban lita 1 ya hewa ndani ya jaketi ili mzamiaji asiburuzwe chini. Mwenye kilo 4 za ziada hubeba lita 4 za hewa asizozihitaji, na hewa hiyo haitulii. Kwenye mita 10 shinikizo ni bar 2. Kwenye mita 5 ni bar 1.5. Akipanda kati ya vina hivyo viwili, lita zile 4 hutanuka na kufika zaidi ya 5.3, yaani jaketi linamvuta juu kwa kilo 1.3 zaidi bila yeye kugusa kitufe. Anashtuka, anatoa hewa nyingi kupita kiasi, anaporomoka. Robert Boyle alieleza kanuni hiyo mwaka 1662, na inauma zaidi karibu na uso wa maji, mahali penyewe anapopelekwa mtu anayejifunza upya kwa kuwa panaonekana salama. Mwili nao unakaa vibaya: risasi zinavuta kiuno chini, jaketi linainua kifua, miguu inaning'inia. Mapezi yanatifua mchanga na kuvunja matumbawe. Mnemba, eneo la hifadhi ya bahari tangu 2002, haina haja ya mapezi kama hayo.

Njia sahihi inachukua dakika chache tu kando ya boti. Mzamiaji anasimama wima majini, kifaa cha kupumulia kiko mdomoni, jaketi limetolewa hewa yote, mapafu yana pumzi ya kawaida. Uso wa maji ukimkata usawa wa macho, uzito umekaa. Akitoa pumzi hadi mwisho aanze kushuka polepole. Mwongozaji anayeijua kazi yake hapotezi muda kutazama uso wa mgeni. Anatazama mapezi. Mtu aliyekaa miaka mingi nje ya maji hupiga miguu bila kujijua, na pigo lile dogo linamshikilia juu kiasi cha kumfanya aonekane mwepesi kuliko alivyo. Akiambiwa apishanishe vifundo vya miguu na atoe pumzi ndefu, mara nyingi anashuka na risasi zile zile alizokuja nazo.

Mtungi nao una mchango wake. Ule wa aluminiamu ulioenea kwenye vituo vya kuzamia una ujazo wa lita 11.1. Ukishindiliwa bar 200 unabeba hewa lita 2,220, na hewa hiyo ina uzito wa takriban kilo 2.7. Inapobaki bar 50, kilo 2 zimekwisha kwenda na mapovu. Kwa hiyo anayepima kwa mtungi uliojaa huongeza kilo 2 za kumshikilia mwishoni, na hizo tu. Aliyefanyia marudio kwenye bwawa la hoteli afahamu pia kwamba maji ya chumvi yanainua zaidi: mtu na vifaa vyake wakifika kilo 100, atahitaji kama kilo 2.5 juu ya zile za bwawani. Wengi hushtuka kwa tofauti hiyo wakadhani wamesahau kila kitu.

Uzito ukishakaa, mazoezi mengine yanakuwa mepesi. Masikio huzibuliwa mapema na mara kwa mara, kabla hayajauma, mzamiaji akishuka miguu ikitangulia huku ameshika kamba ya boya. Miwani inahitaji subira zaidi. Maji yakigusa pua, mwili unataka kuzuia pumzi au kuvuta hewa kwa pua, na hapo ndipo watu hukimbilia juu. Dawa yake ni kupiga magoti kwenye mchanga kina cha mita 2 au 3, kuvua miwani kabisa, na kupumua kwa mdomo bila miwani mpaka woga upoe. Kuirudisha na kuitoa maji kwa kupuliza puani ni jambo la sekunde chache.

Mahali na majira ya maji yana uzito wake. Kwenye bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo unaozunguka Mnemba unaweza kumchosha hata mzoefu. Siku za maji mafu zinafaa zaidi, hasa tanga mbili, pepo zinapobadilishana na bahari ya mashariki kutulia. Kisiwani Mafia ni vivyo hivyo: ndani ya Ghuba ya Chole kuna sehemu za upole, lakini mlango wa Kinasi, maji yanapojaa kwa kasi kutoka bahari kuu, si mahali pa kumpeleka mtu siku yake ya kwanza, hata akiomba.

Faida ya haya yote inasomeka kwenye geji. Anayetumia lita 30 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 12 hutumia 66, na ule mtungi wa bar 200 utafika bar 50 baada ya dakika 25. Akitulia hadi lita 20, anapata dakika 38. Dakika hizo 13 zinamtosha kumwona kasa akimaliza kula na kwenda zake.

Mtihani wenyewe uko mwishoni: mita 5, dakika 3 za kusimama, mtungi una bar 50, jaketi halina hewa. Akiweza kubaki palepale kwa pumzi yake tu, hesabu imekubali. Kilo za risasi, unene wa vazi la kuzamia na aina ya mtungi ziandikwe kwenye daftari la mzamiaji siku hiyo hiyo, kwani safari ijayo ataulizwa.

Marudio haya yafanywe mwanzoni mwa likizo. Baada ya kuzama mara kadhaa, miongozo ya kitabibu inashauri kukaa saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege, na zile ndogo za kutoka Mafia kwenda Dar es Salaam, zisizoongezewa shinikizo la hewa ndani, nazo zihesabiwe.